Tiara Tatu Juu ya Kaagya

Mdogo wangu Pastori,

Jana upepo ulinipindulia mwavuli nikitoka kanisani. Kitambaa kikachanika, mbavu zikatoka nje. Watu wakapita wakinipa pole, mimi nimesimama tu njiani nauangalia, nakufikiria wewe.

Nakuandikia nimechoka. Mwandiko huu usiucheke, shule niliiacha mapema, unajua. Binti yako Koku alisema, "Baba mkubwa, wewe tamka, mimi niandike." Nikakataa. Haya ni ya kwetu sisi wawili. Yeye yuko Kashai mjini siku hizi, ana duka na watoto, na ana sauti ya kugombana na bodaboda mpaka wanashusha bei. Nimemlea vizuri. Sijui nani mwingine angeweza.

Unakumbuka ulivyorudi kutoka vitani? Ulishuka kwenye lori na buti za jeshi, umekonda, huongei. Mama alikupikia ndizi na maharage, ukala ukiwa umeupa ukuta mgongo. Mimi ndiye niliyekutoa ndani, sikuambiwa na mtu. Nilikupeleka uwanja wa shule hapa Kaagya kumwona yule Mzungu aliyekuja kutengeneza madaraja yaliyobomolewa. Jioni alikuwa anarusha tiara yake. Siyo kama zile za karatasi tulizochezea utotoni, zinazoning'inia tu. Yake ilikuwa na nyuzi mbili, uzi mmoja kila mkono, unaiendesha kama usukani wa baiskeli. Vuta kulia, inaenda kulia. Mimi nilielewa siku ile ile. Wewe ulichukua muda, lakini ulicheka, na tangu vita nilikuwa sijasikia kicheko chako.

Mzungu alipoondoka aliondoka na tiara yake. Mimi nikashona zetu kwa miavuli mibovu, kwa cherehani ya mama, kitambaa cheusi na mbavu za mwavuli ndani. Hakuna mtu Kagera nzima aliyeshona kama mimi, na leo hayupo. Kukosa tulikosa uzi tu. Ndipo akaja Majura, mchuuzi wa dagaa kutoka visiwa vya Muleba, na mzigo wa uzi wa nyavu. Akasema atatupa, lakini na yeye tumfundishe. Tulifunga uzi ule mpya hivyo hivyo ulivyotoka kwake. Ukavutika upande mmoja, tiara yangu ikazunguka kama mlevi ikapiga paa la shule. Majura alikaa chini kwa kucheka.

"Nyie Wahaya! Mnajivuna mpaka mnataka uzi uwanyenyekee bila kuuvuta kwanza!"

Toka siku ile tulizifunga nyuzi kati ya mibuni na kuzining'inizia mawe usiku kucha, ziishe kuvutika, halafu tunazikata zilingane.

Tukawa watatu. Mimi mbele, wewe katikati, Majura nyuma. Sheria niliiweka mimi. Wa mbele anaita, "Kulia... haya!" na kwenye "haya" wote tunavuta pamoja. Wa nyuma hafikirii, anafuata. Wa mbele akikosea, unakosea naye pale pale. Wanaotazama hawalijui kosa, wanamwona tu yule aliyebaki peke yake. Ulinibishia sana sheria hii. Ulisema mimi naipenda kwa kuwa wa mbele ni mimi. Ndiyo, niliipenda.

Halafu ukaja UKIMWI, ule ugonjwa walioubatiza Juliana, jina la nguo za magendo zilizotoka Uganda. Unajua kwetu, pakiwa na msiba jembe halishikwi. Na misiba ikafuatana mpaka magugu yakatushinda kwenye vibanja vyetu vya migomba. Nani angetoa tiara? Ta Kalokola, yule mzee jirani yetu, alitusimamisha njiani na nyuzi zetu mkononi.

"Mnataka kuchezea juu ya vichwa vya maiti?"

"Ta, tunataka kupumua," ukamjibu. Kwa upole, wewe. Mimi ningemjibu vingine.

Tukawa tunadandia malori mpaka Ngenge, kule hawatujui, uwanda mpana, upepo hauna migomba ya kuuzuia. Tulifanya mazoezi mpaka mikono ikachubuka. Kule ndiko tulikojifunza kuzungusha tiara zote tatu pamoja, nyuzi zikajisokota, halafu tunazungusha kinyume zikajifungua zenyewe. Majura alisema hata nyavu zake hazimtii hivyo.

Kisha ukaanza kukonda tena.

Nilijua kabla hujaniambia. Kila mtu alijua. Kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, kata ilikuwa inazunguka kwa wote, kinywa hadi kinywa, wewe wakakutengea kata yako, kwa heshima, wakitabasamu. Ukainywea. Ulipotoka uliitupa kwenye migomba.

Parokia ilipokaribia sikukuu yake, walitaka turushe baada ya misa. Akaja Ta Kalokola kutoka kamati, akakaa sebuleni, akazungukazunguka. Mwishowe akasema, "Mkija wawili inatosha. Mgonjwa apumzike." Wewe ulikuwa chumbani unasikia. Alipoondoka ukaniita.

"Kaka, nitarusha."

"Utarusha katikati, kama kawaida."

"Mbele. Wananitazama kama nimeshazikwa. Nataka nirushe mbele, wanitazame juu."

Nikasema mbele ni pangu. Majura alikuwa mlangoni na kikapu chake cha dagaa. "Mpe, mzee. Au unaogopa atakuzidi?"

Nikakupa. Siyo kwa huruma, usije ukadhani hivyo hata huko uliko. Nilikupa kwa sababu ungeenda polepole, na kurusha polepole ndiko kugumu. Nilitaka watu waone tunaweza.

Ulirusha umekaa kwenye kigoda. Watu walijaa mpaka ukutani mwa shule. Upepo ulitoka ziwani, mzuri. Sauti yako haikutufikia, kwa hiyo tulikufuata kwa macho tu, mimi na Majura, tiara tatu nyeusi mstari mmoja. Tukapanda. Tukazunguka, tukajifungua. Sijawahi kurusha vizuri vile, nami nimerusha vizuri maisha yangu yote. Ilibaki tupinde kushoto, tupite juu ya mnara wa kengele.

Mkono wako ukaisha nguvu. Niliona tiara yako inainama upande usio wake, inashuka. Yangu ilikuwa na upepo wa kutosha, ningeweza kuivusha mnara. Sikufikiria. Nikavuta ulikovuta, Majura akavuta nyuma yangu, tukashuka na wewe, moja baada ya nyingine, mpaka tukalaza zote tatu kwenye majani mbele ya kigoda chako. Kisha akina mama wakapiga vigelegele, na watu wakakutazama kama mtu aliyemaliza kazi yake.

Nilikubeba mgongoni kurudi nyumbani. Ukaniuliza sikioni, "Kaka, waligundua?"

"Wagundue nini? Ndivyo nilivyopanga."

"Muongo wewe." Ukacheka mpaka ukakohoa.

Sikudanganyi, kata yako waliendelea kukutengea. Mvua za vuli hazikukukuta. Majura naye alirudi visiwani, na habari zake nilizisikia kwa wachuuzi wengine. Nimezika, nimelea, nimelima. Mnyauko umekula nusu ya migomba ya baba. Nachoka asubuhi kabla sijatoka kitandani. Miaka yote hii niko mbele tena, Pastori, na nikigeuka nyuma hakuna mtu.

Lakini wazee wa hapa bado wanauliza ule mshuko wa mwisho aliubuni nani. Nawaambia ni mimi. Tukionana usinikanushe mbele ya watu.

Lala salama, mdogo wangu.

Ni mimi kaka yako mkubwa.