Sauti Bila Picha

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi yangu na watoto. Sisi huku tunasukuma siku. Mama hajambo, ni magoti tu yanayomsumbua, na bado anagombana na paka kama mtu mzima mwenzake. Mimi naendelea kuuza ving'amuzi na nyaya pale dukani. Nimeona nikuandikie mapema kwa sababu najua wifi atapigiwa simu na baba yake, nami nataka habari uipate kwangu kabla haijatiwa chumvi.

Unakumbuka mwaka jana baba alivyokuwa mgonjwa wa kitandani, hana la kumfurahisha ila chaneli ya habari ya televisheni ya taifa. Asubuhi moja picha ilipotea, ikabaki sauti. Mkwe wako, baba yake wifi, ambaye ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha wapenzi wa dishi, alikuja na wenzake, akapanda paani na kutangaza hadi barabarani wakasikia kwamba dishi limepinda, kwamba mzee alilifunga kwa mikono inayotetemeka. Akaligeuza huku na huku mpaka sauti nayo ikakata. Kisha akashuka, akapangusa mikono, akasema dishi limekufa, akaenda zake. Baba, ambaye ndiye aliyemfundisha mtu huyo kushika spana, alisikia kila neno. Aligeukia ukutani. Alitutoka wiki ileile, na runinga iko kimya.

Baada ya msiba ndipo tangazo lilipofika dukani. Kumbe televisheni ya taifa ilikuwa imebadilisha mfumo wa picha wa chaneli ile, na ving'amuzi vya zamani vinatoa sauti tu, picha haviwezi kuisoma. Dawa yake ni king'amuzi kipya. Dishi la baba halikuwa na kosa hata chembe.

Mkwe wako hakuyajua hayo, maana habari hazitazami, yeye ni mpira tu. Kila kikundi kilipokutana akawachekesha watu kwamba dishi la marehemu lilikuwa linatafuta kuku wa jirani badala ya setilaiti. Mimi niliyerithi nafasi ya baba kikundini nilikaa palepale, natabasamu, moyo unachemka. Utaniuliza mbona sikumweleza. Mwanzoni nilitaka. Lakini wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, na mimi hata kovu lilikuwa bado.

Mwezi uliopita likaja tangazo jingine, kwamba chaneli ya michezo nayo itabadilishwa, tena asubuhi ya siku ya fainali. Sikulibandika ukutani. Siku hizohizo mkwe wako alikuja kununua kichwa kipya cha dishi, kile kinachonasa mawimbi, akajigamba kwamba amealika mtaa mzima na runinga yake kubwa ataitoa uani. Akaniuliza kama kuna kingine atakachohitaji. Nilimjibu kwamba fundi kama yeye hafundishwi na muuza duka. Alifurahi, akanibariki.

Siku yenyewe viti vilijaa hadi mlangoni. Mpira ukaanza, mtangazaji anapayuka, kioo cheusi tii. Mkwe wako akapanda na spana yake, akaligeuza dishi, na sauti nayo ikakata. Watu walianza kumtania kwa zamu kwamba dishi lake nalo linatafuta kuku, na kwamba mikono inayotetemeka sasa ni yake. Ndipo niliposimama nikawaambia wote kwamba dishi lile halijapinda, na la baba yangu halikupinda. Nikawaeleza habari ya mfumo, neno kwa neno. Mkwe wako alishuka ngazi polepole, akaniuliza kwa upole kama dawa yake ipo. Nilisema ipo, ila leo duka limefungwa.

Sasa nikwambie ambalo hata mama halijui. King'amuzi kipya kilikuwa ndani ya mkoba wangu, chini ya kiti. Nilikwenda nacho makusudi, ili akiniomba nijue kabisa kwamba kumwokoa naweza na sitaki. Alipoomba, niliuchukua mkoba wangu nikaaga.

Nilipofika nyumbani nilipanda paa letu, nikalirudisha dishi pale baba alipoliweka, nikakifunga king'amuzi kile. Picha ikaja safi. Nilikaa kando ya kitanda kitupu nikatazama habari mpaka mwisho, na nililia, kaka, sikukufichi. Utamu niliokuwa nikiungoja haukuja.

Hata hivyo msamaha siombi. Wifi akilalamika, msomee barua hii yote. Baba yake akitaka picha, aje kwanza asimame mbele ya mama aseme kwamba dishi la mumewe lilikuwa sawa. Asiposema, dukani kwangu hapati kitu, naye ataendelea kusikiliza mpira.

Mama anakusalimu sana, anataka picha za watoto. Wabusu kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba