Bambo Refu Ulilonifundisha Kulishika

Kwako Maduhu, uliyekuwa mchumba wangu,

Nakuandikia hadharani kwa sababu simu yako haipatikani, na ndugu zako hapa Bariadi wanasema hawajui uliko. Wengine wanakutaja Mwanhuzi, wengine Maswa. Popote ulipo, atatokea mtu wa kukusomea.

Nianze na habari njema: nimeolewa. Hii ni wiki ya tatu, na kila nikiamka naitazama kwanza pete, kisha namtazama aliyenivika, kisha nacheka mwenyewe. Ananiita malkia hata mbele ya mama yake. Jana alinichemshia maji ya kuoga bila kuombwa. Nilitaka ulijue hilo kabla ya mengine yote.

Unaukumbuka msimu ule wa uchumba wetu? Nilikuwa nikimaliza kumsaidia mama kuosha vyombo vya mgahawa wake pale sokoni, nakimbilia ghalani kwako huku mikono bado inanuka sabuni. Ukutani ulikuwa umetundika mabambo mawili, vile vyuma vyenye mfereji ambavyo ukikichoma kimoja kwenye gunia, nafaka inakumiminikia kiganjani. Refu ulilitumia unaponunua kwa wakulima, ili wasikufichie mawe na unyevu. Fupi ulimpa mteja anayekuja kununua kwako. Siku moja ulisimama nyuma yangu, mkono wako juu ya wangu, tukalisukuma lile refu mpaka likagota sakafuni.

"Ukweli wa gunia uko chini," ukaninong'oneza.

Maduhu, mimi nilidhani ni maneno ya mapenzi. Nilikwenda kuyaandika kwenye daftari langu la nyimbo na kuyazungushia maua.

Kisha mama akanunua kwako lile gunia la choroko. Shangazi alimshauri akaonje kwanza kwingine, mama akamjibu kwamba mkwe hawezi kumpa kibaya. Mama alipofikia choroko za chini ya gunia, wateja wake wakaanza kuanguka mmoja mmoja pale kwenye mabenchi, wanatapika, mate yanawachuruzika. Mungu ni mwema, wote walipona. Watu walijaa kuliko siku ya mnada. Ukaja na wewe, nami nikafurahi kukuona, nikijua mwanaume wangu amekuja kututetea. Ulisimama katikati yao na kusema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mashine za kusaga:

"Mama huyu hanawi mikono."

Wiki iliyofuata ukatuma wazee wenu kuvunja uchumba. Walisema ukoo wenu hauwezi kuoa kwenye uchafu.

Tangu siku hiyo mama alinawa mbele ya kila mteja aliyethubutu kukaa. Mteja akikaa, ananawa. Akiagiza, ananawa tena. Ngozi ya vidole ilipasuka mpaka akawa anafunga vitambaa, na vitambaa navyo watu wakavitazama vibaya. Mabenchi yakabaki matupu. Ulipita pale, nilikuona. Ulipita ukitafuna muwa.

Nilibakiza konzi mbili za zile choroko kwenye kopo. Bwana afya alizitazama kwa huruma, akasema zimekaa jikoni kwetu bila lakiri, ule muhuri wa kuzuia mtu kufungua, haziwezi kumshitaki mtu. Akaja ghalani kwako kuchukua sampuli yake. Ukampokea vizuri, ukampa bambo. Majibu yakarudi kutoka maabara ya Mwanza kwamba hakuna sumu iliyogundulika. Siku hiyo ndipo uliponitumia ule ujumbe: "Mwambie mayu anunue sabuni." Sijaufuta. Na neno mayu, tunalomwitia mama yetu mzazi, ukalitumia kumtukana.

Nilipanda basi kwenda Mwanza kulia kwenye mlango wa maabara. Akatoka kijana mwenye koti jeupe, Elikana, macho ya upole kama ya ndama. Hakunifukuza. Aliniuliza swali moja tu.

"Dada, hii sampuli ilichukuliwa sehemu gani ya gunia?"

Akanieleza kwamba mashine inajibu kuhusu punje ilizopewa, haijui chochote kuhusu zilizobaki ghalani. Pale pale nikaliona akilini lile bambo fupi, lisilofika chini, mkononi mwa bwana afya, na nikausikia mnong'ono wako. Wewe mwenyewe, Maduhu, ndiye uliyenipa kisu.

Bwana afya aliporudi kwako, nilikuwa nimeshamweleza. Aliomba refu. Ukamwambia halipo, na kweli msumari ulikuwa mtupu. Lakini nilijua unalificha nyuma ya mzani, chini ya turubai. Alilivuta, akalisafisha kwa spiriti, akachoma magunia ya mbele na ya nyuma, juu, katikati na chini kabisa, kule ulikomwaga dawa ya pamba kuzuia wadudu na kuacha juu pasafi ili pua ya mteja isishtuke. Akachanganya, akagawa mifuko mitatu, akaitia lakiri. Ukasaini. Mfuko mmoja akakuachia wewe, ni haki yako.

Sasa sikiliza jinsi ulivyokamatwa, maana napenda kulisimulia hili. Walisaga choroko zako zikawa unga. Wakapima unga, wakamimina kimiminika kinachoivuta sumu itoke, wakatikisa, wakazungusha kwenye mashine mpaka uchafu ukatuama. Tone la maji ya juu likapita kwenye bomba jembamba mno, ambamo kila kemikali hutoka kwa dakika yake. Kwanza walipitisha choroko safi: mstari kwenye skrini ukalala kama mbuga za Meatu. Kisha choroko safi waliyoitia dawa ile kwa kipimo wanachokijua, waone kama mashine inaikamata. Ikaikamata: mstari ukapanda mlima kwenye dakika ya dawa hiyo. Kisha yako. Mlima ukasimama kwenye dakika ile ile.

Na usijidanganye kwamba mapenzi yangu ndiyo yaliyokutilia sumu. Elikana alikuwa ameshaanza kunipigia simu, hivyo alimwambia mkuu wake asimpe sampuli ile, kwa kuwa moyo wake una upande. Aliipima dada mmoja anayefanya naye kazi. Mume wangu hakugusa hata punje moja. Nilimpenda zaidi kwa hilo kuliko kama angekusaga wewe.

Ghala limefungwa, nawe ukatoroka. Bwana afya alisimama sokoni, pale pale uliposimama wewe, akasoma majibu. Kwenye harusi yangu mama alipika choroko sufuria tatu, na wale wale waliotapika wakaja kuomba kuongezewa. Mabenchi yamejaa. Vidole vimepona. Siku hizi ananawa mara moja tu kabla ya kupika, kama watu wote.

Mimi sijapoa. Nina furaha mpaka nashindwa kulala, na bado sijapoa. Kama unauamini ule mfuko ulioachiwa, upeleke maabara yoyote unayoitaka. Ukiishiwa pa kuupeleka, rudi nyumbani. Pitia kwa mama saa ya chakula cha mchana, watu wakiwa wengi. Nimeshamwomba, naye amekubali: hatakutukana. Atakuletea jagi na beseni, nawe utanawa mikono mbele yao wote.

Ni mimi,
uliyeniacha kwa uchafu, sasa mke wa Elikana.