Gauni la Mteja

6 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, mume wangu mzima, kazi ya uuguzi inaendelea. Natumaini mguu wako umepoa.

Sikupigii simu kwa sababu ningefoka. Juzi nilikuwa natandika vitanda wodini, na wagonjwa walikuwa wamefungua chaneli ya huko kwetu. Kumbe kuna kipindi cha mafundi wanaoonyesha kazi walizoharibu, na anayechekwa zaidi hupewa zawadi! Nikamwona mzee mwenye futi shingoni. Nikasema, huyu kafanana na baba. Kisha ukainua gauni langu la harusi.

Miaka miwili hatujalizungumzia gauni lile, wewe ukaenda kulizungumza na watu wasiotujua. Ukalijaribu juu ya shati lako mwenyewe! Mtangazaji akauliza ni la nani, ukajibu, "La mteja." Wodi nzima haikuwa na mbavu. Sikusema kwamba wewe ni baba yangu. Nilicheka nao, na mpaka leo sijui nilicheka nini.

Ulikosa nini, baba, hata ukaenda kujianika?

Mwanao,
Kidoti

22 Machi

Mwanangu Kidoti,

Marahaba. Mguu unauma asubuhi, ikifika jioni unajisahau. Cherehani ni nzima kuliko mimi.

Swali lako nilijiuliza mwenyewe njiani nikirudi. Sijui. Jirani yangu muuza vifungo alikwenda na kofia aliyoishona ikamfunika mpaka puani, akarudi watu wanamsalimia kila kona. Nikasema na mimi niende. Kule binti mmoja alinipaka poda, akaniuliza jina langu mara tatu, akauliza kama nimekula. Siku nyingi sijaulizwa. Taa zilipowaka niliona aibu mpaka masikio yakachemka, lakini aibu yenyewe ilikuwa na utamu fulani, sijui nikuelezeje. Ukumbi mzima unacheka kosa lako na hakuna aliyekukasirikia.

Nilisema mteja kwa sababu ningesema mwanangu, wangeuliza kwa nini hukulivaa. Mimi ningejibu nini? Gauni lilirudi kwa posta pamoja na picha za harusi, umevaa jingine. Barua haikuwemo.

Nilishinda zawadi ya pasi ya umeme. Wameniita tena kwenye fainali.

Baba yako,
Fundi

5 Aprili

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima.

Kwa hiyo hujui kwa nini sikulivaa? Nilikutumia vipimo vyangu kwenye karatasi ya rangi ya waridi, herufi kubwa kama za mtoto wa shule. Wewe ukashona kwa vipimo vya daftari lako, vya mwaka niliotoka nyumbani nikiwa na miaka kumi na tisa. Asubuhi ya harusi zipu iligoma katikati ya mgongo. Nilikodi gauni la mtu mwingine wageni wakiwa wameshakaa. Nikanyamaza nisikuumize, na kunyamaza kukazoeleka.

Nakuomba usiende fainali. Wagonjwa wanakuita Mzee wa Gauni, wanakusubiri kwa hamu, nami nawapa dawa kama mtu asiyekujua. Ukienda, sijui kama nitakuwa na la kukuandikia.

Mwanao,
Kidoti

19 Aprili

Mwanangu,

Mzima wewe? Mimi mzima, ila nimekwenda. Najua uliniomba. Sikio la kufa halisikii dawa.

Lakini safari hii mtangazaji aliponiuliza gauni ni la nani, nilisema la mwanangu, na nikasema yote. Wanaonyesha Jumapili ijayo. Tafadhali tazama, hata ukiwa umekasirika.

Baba yako,
Fundi

24 Mei

Baba,

Shikamoo. Nimechelewa kuandika. Nilitaka kuacha kabisa.

Nilitazama nimesimama mlangoni mwa wodi. Walionyesha ulipokanyaga pindo la gauni ukapepesuka, wakacheka, kisha akaingia fundi viatu. Basi. Neno mwanangu halikuwepo. Nimeisoma barua yako mara nyingi sielewi: ni wewe unayenidanganya, au wao walikata maneno yako?

Bibi wa kitanda cha nne akasema, "Maskini, mzee wa watu hana wa kumkataza." Nikajikuta nasema, "Huyo ni baba yangu." Wakadhani natania.

Kama kuna ulichosema kule, niambie mimi.

Mwanao,
Kidoti

9 Juni

Mwanangu Kidoti,

Kwa hiyo walikata; mimi sikutazama. Nami nilikuwa najiuliza mbona muuza vifungo hanisemeshi habari ile.

Nilisema hivi. Karatasi ya waridi niliipata. Niliisoma nikaona namba zile si zako, maana mwanangu namjua, nimempima tangu anatambaa. Nikafungua daftari. Huo ndio uongo niliojiambia. Ukweli ni kwamba nilijua ni zako na sikuzitaka. Kiuno kile kilikuwa cha mwanamke aliyekula kwenye meza nisiyoijua na kucheka na watu nisiowajua. Nikamshonea yule aliyeondoka, labda angerudi kulivaa.

Nilipomaliza, mtangazaji aliangalia saa. Kuwaambia wale kulikuwa rahisi. Kukuandikia wewe kumenimalizia karatasi sita. Nisamehe, mwanangu. Kosa ni langu, si la futi.

Baba yako,
Fundi

27 Juni

Baba,

Shikamoo. Mguu je?

Nimelia, nimecheka, na bado sielewi kwa nini mtu awaambie watu mia kabla ya kumwambia mmoja. Lakini hata mimi sasa kila mgonjwa mpya akiingia namwambia kwamba Mzee wa Gauni ni baba yangu, na hakuna aliyeniuliza.

Nishonee gauni, pana, la kuvaa nyumbani. Mwenzangu wa zamu amenipima leo, kwa sentimita. Mabega arobaini na moja. Kifua mia moja na mbili. Urefu mia moja na kumi na tano. Viandike kwenye daftari lako, na vile vya zamani uvipige mstari mbele ya cherehani yako, bila kamera.

Kiuno tisini na sita. Hicho kiandike kwa penseli, baba. Kinaongezeka kila wiki, na daktari anasema kitaendelea hivyo mpaka Novemba.

Mwanao,
Kidoti