Anwani Iliyokosa Mpaka

Jumatatu, 7 Julai

Chai imepoa tena kabla sijaimaliza. Baridi ya Nyeri mwezi huu haina adabu. Ofisini, hapa tunapouza mtandao wa majumbani, tunashinda na majaketi, wateja wakiingia wanadhani tunafunga.

Mteja mmoja wa Gakindu, mwenye saiba ya kukodisha kompyuta, mashine zake zimeingiwa na virusi. Zinamwaga takataka mtandaoni mpaka majirani wanakwama. Anwani yake ni 10.7.3.2. Nimeandika regex, ruwaza fupi ya kuitafuta anwani hiyo katika kumbukumbu za mitambo. Programu ikiiona, inakata laini yenyewe. Imefanya kazi mara ya kwanza. Kariuki, bosi wangu, kanisifu mbele ya wote. Nimefurahi kama mtoto.

Jumatano, 9 Julai

Mzee Gathogo wa Gakindu kapiga simu. Mtandao wake umekufa. Mkewe, Nyambura, yuko kitandani, hali mbaya. Masikio yake hayasikii tangu zamani. Binti yao Wanjiku ni mfanyakazi wa nyumbani Doha. Sauti haimsaidii mama; anataka kumwona. Bondeni kwao data ya simu haibebi picha, ndiyo maana walinunua huduma yetu.

Nimemwambia azime kisanduku cha mtandao, angoje kidogo, awashe. Ndivyo tunavyowaambia wote.

Alhamisi, 10 Julai

Kapiga tena. Azime, awashe. Wengine wa Gakindu wanalalamika pia. Kariuki anasema ni ukungu kwenye mlingoti wetu wa kurushia mtandao. Nami nikamwambia mzee ni ukungu.

Nimechoka na sauti yake. Nimeandika hivyo na sifuti.

Ijumaa, 11 Julai

Leo hakulalamika. Aliuliza tu.

"Mama yake anauliza na mkono, ati Wanjiku ako wapi. Nimwambie nini?"

Nimemwahidi fundi Jumatatu.

Jumatatu, 14 Julai

Nyambura alifariki Jumamosi. Fundi ndiye aliyeniambia, kwa simu, akiwa huko. Alikuta watu wa matanga wamejaa uani. Kisanduku kizima. Mlingoti mzima. Akanisomea anwani yao: 10.7.3.24.

Nilijua kabla hajakata simu. Ruwaza yangu haikuwa na mpaka mwishoni. Sikuiambia kwamba baada ya ile 2 kusiwe na tarakimu nyingine. Basi iliiona 10.7.3.2 ndani ya 10.7.3.24, ikadhani ni yule yule, ikakata. Na majirani wote ambao anwani zao zinaanza hivyo, ikawakata. Alama ndogo tu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaijua.

Nimerekebisha. Laini zimerudi.

Jumanne, 15 Julai

Nimemwonyesha Kariuki kosa langu. Kasema tuendelee na ukungu, hakuna atakayejua. Nikasema sawa. Najichukia.

Alhamisi, 17 Julai

Sikulala vizuri. Nimeomba ruhusa, nimekwenda Gakindu.

Nilimkuta mzee nje ya jikoni, wanawake wakichambua mchele. Nikamwambia haukuwa ukungu. Akauliza kama mashine iliharibika. Nikasema mashine ilifanya nilichoiambia, na niliyekosea ni mimi. Nilitamani anitukane.

"Wanjiku nimeambia ni ukungu," akasema. "Wacha ikae hivyo. Akijua ni mkono ya mtu, atalia huko peke yake, na nani atamshika?"

Hakunisamehe. Hakunifukuza pia. Aliniomba nije kesho na vifaa, binti aone mazishi.

Ijumaa, 18 Julai

Picha ilikuwa safi. Nilishika simu ibada nzima, mkono ukafa ganzi.

Wanjiku alikuwa jikoni kwa waajiri wake, sare bado mwilini, kajifungia mlango. Walipoanza kumwaga udongo aliniomba nisogee. Nikasogea mpaka viatu vikazama kwenye tope.

Watu walipokwenda kula hakukata simu. Nami sikukata. Alitaka kuona migomba, kitanda cha mama, dirisha. Nikamzungusha nyumba yote polepole. Chumbani akaniuliza kama ukungu ulikuwa mzito sana wiki ile.

Nikamwambia ulikuwa mzito.