Tutamlilia Wapi Wuon Pii

Jumatatu, 8 Septemba
Mzee amekunywa uji nusu kikombe. Mwingine umeishia kwenye ndevu. Nimempangusa, nikamfunga kilemba chake cha Kisikh. Sijui kukifunga. Marehemu mkewe ndiye aliyejua. Kimekaa upande na hakulalamika.

Tangu apate kiharusi amebaki na lugha moja. Kiingereza kimekwenda. Kipunjabi cha mama yake kimekwenda. Hata Kiswahili tulichozungumza karakanani kwake miaka yote. Kimebaki Dholuo tu, alichokiokota utotoni Muhoroni, baba yake alipokuwa fundi wa boila kwenye kiwanda cha sukari. Daktari anasema mambo haya hutokea. Mzee amepita miaka tisini.

Pali, mwanawe wa pekee, anafika keshokutwa kutoka Uingereza. Naogopa, na sijui naogopa nini.

Jumatano, 10 Septemba
Pali amefika. Ameinama kitandani akamsemesha baba yake Kipunjabi, halafu Kiingereza. Mzee akamtazama kwa adabu, kama anavyomtazama mteja mgeni. Kisha akanigeukia mimi.

"Nyara, ma en ng'a?"

Binti yangu, huyu ni nani?

Pali akaniuliza amesema nini. Nikamwambia anauliza kama umekula.

Uongo. Ningefanyaje? Mtu mzima, mvi kichwani, amesafiri kutwa kucha. Alipelekwa shule ya ng'ambo akiwa mdogo, Dholuo hakuwahi kukijua. Akanijibu, "Mwambie nimekula, Dada Zuhura." Nikamwambia. Mzee akasema vizuri, mgeni asikae na njaa. Hilo sikulitafsiri.

Ijumaa, 12 Septemba
Nimetoka msikitini nikakuta akina mama watano kwenye baraza. Wametoka vilimani Nyakach kumwona Wuon Pii, mwenye maji. Ndivyo wanavyomwita huko.

Mkubwa wao, Mama Akeyo, amemsimulia Pali nami nikisaidia maneno. Mto wao uko chini kabisa bondeni. Zamani walipanda na mitungi kichwani, na mama mmoja mjamzito aliteleza kwenye mawe akafa. Mzee alikwenda kwenye matanga hayo kwa sababu mume wa marehemu alikuwa fundi wake. Akashuka mtoni na viatu vyake vya mjini, akasimama majini akiangalia tu mkondo. Baadaye akarudi na pampu aliyoiunda mwenyewe kwa mabomba makuukuu, isiyotaka umeme wala mafuta. Nguvu ya mto wenyewe ndiyo inayopandisha maji. Akawafundisha akina mama kuifungua na kuifunga, kwa kuwa wanaume, alisema, wataenda kutafuta kazi na kuiacha. Mpaka leo inapiga kazi.

Pali alisikiliza mdomo wazi. "Hakuwahi kuniambia," akasema.

Mzee alikuwa amelala muda wote. Wakamwangalia kidogo, wakaondoka bila kumwamsha.

Jumamosi, 13 Septemba
Kutwa nzima namfikiria baba yangu. Alikuwa mchomeleaji kwa Mzee. Homa ilimchukua nikiwa darasa la sita. Mzee alikuja kwetu mtaa wa Kaloleni, akavua viatu mlangoni, akakaa mkekani na wazee wetu hadi dua ikaisha. Akamwambia mama, "Huyu atasoma." Basi. Nikasoma. Nikarudi kumwendeshea ofisi.

Mwaka ule wa ghasia za uchaguzi, mji ulipochomwa, alifungua milango ya karakana, watu wa kila kabila wakalala kati ya mashine. Vijana wa mtaa wa Kibuye wakalinda geti lake. Hakuwaomba.

Haya yote ninayajua. Hayamsaidii kumeza.

Jumanne, 16 Septemba
Siku mbaya.

Pali ameamua. Nairobi, hospitali kubwa, kwa ndege. Daktari wa hapa amesema safari haitabadilisha kitu. Pali anasikia tu kwamba hakuna aliyemkataza.

Wauguzi walipomtoa nje kwenye machela Mzee alinishika mkono. "Adwaro dhi dala."

"Anasema nini?"

"Anataka kwenda nyumbani."

"Tutamrudisha akipata nafuu."

Nikamwambia, Pali, hatapata nafuu, mwache afie kitandani pake. Nimesema hivyo mbele ya wauguzi. Akatokwa na machozi. "Dada, nakuheshimu. Lakini mimi ndiye mwanawe. Nisipojaribu nitaishije?"

Mimi na yeye hatukuzaliwa tumbo moja, sina karatasi ya kuitwa mwana, sina kauli. Nyara ni neno tu. Nafasi ya mtu wa kuandamana na mgonjwa ilikuwa moja. Niliufungua mkono wa Mzee kidole kwa kidole.

Alhamisi, 18 Septemba
Amefariki asubuhi. Pali amepiga simu, hakuweza kuzungumza. Nilijua.

Nimesema inna lillahi. Nimefua shuka zake. Sijui kwa nini nimefua.

Jumamosi, 20 Septemba
Wamemchoma Nairobi, kama dini yao inavyotaka. Nimeona kwenye simu. Picha ilikatika mara nyingi, na ilipotulia niliona migongo ya watu nisiowajua.

Mchana akina mama wa Nyakach walikuja tena. Wengi mno safari hii, hata wazee na watoto, na watu wa Muhoroni wamekuja na trekta la miwa. Walitaka kujua mwili utafika lini na kaburi litachimbwa wapi. Nikawaambia hakuna mwili. Hakuna kaburi.

Mama Akeyo alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Basi tutamlilia wapi?"

Wakalia palepale getini. Askari wa jirani alitoka kuja kuwafukuza, alipoambiwa ni nani aliyekufa akavua kofia. Nami nikakaa chini, barabarani, nikalia na wao.

Jumapili, 28 Septemba
Tumemwaga majivu ziwani, upande wa Dunga. Pali, kiongozi wao mmoja wa dini, mimi. Ziwa lilikuwa limejaa magugu, ikabidi mwenye mtumbwi atusogeze mbali tupate maji wazi. Ilikwisha upesi.

Tulipotoka tulikaa kwenye kibanda cha samaki. Pali anarudi kwake kesho. Akaniuliza, "Alikuwa mtu wa namna gani, Dada?"

Nimekuwa naye maisha yangu yote. Nilitafuta pa kuanzia, sikupata hata sentensi moja.

Nikamwambia alipenda kichwa cha samaki. Ukimnyima alinuna kama mtoto.

Pali akaagiza kichwa. Hakujua kukila. Nikamwonyesha pa kuanzia, kwenye shavu.