Simbilisi wa Baba

Dada yangu mpenzi,

Kaa chini kwanza! Wale simbilisi wawili wa baba, vile vipanya vyake visivyo na mkia, ambao muuzaji alimwapia kwamba wote ni madume, sasa wamefika thelathini na wanane! Wengine nimewatoa kwenye droo ya soksi, wamekonda, kucha zimejikunja. Leo nimewahamishia kwangu, na hivi ninavyoandika wanatafuna majani ya karoti, raha tupu!

Baba alinisaidia kuwabeba. Tulipomaliza akasema, “Niachie japo mmoja, mwanangu. Nikifungua mlango, hao hupiga kelele za furaha.”

Nimemwachia majike wawili. Safari hii nimekagua mwenyewe. Lakini Jumapili twende kwake, dada. Akifungua mlango, kelele tupige sisi.

Mdogo wako, mwenye nyasi hadi nyweleni.