Barua Zinaingia, Hazitoki

Jumatatu, 9 Juni

Chai, andazi la jana, kompyuta. Barua kumi na nne zimeingia. Nyingi ni zile za Kiingereza kutoka kwa anayejiita Mailer-Daemon. Jina lenyewe silipendi. Nimezifuta bila kusoma, kama kila asubuhi tangu wiki jana.

Halafu nikaandika ombi la ukaguzi, nikaambatisha ramani ya mashamba, nikabonyeza kutuma. Ikagoma. Maandishi mekundu: seva ya kutuma imekataa. Nikabonyeza tena. Imekataa mara tisa.

Kikundi chetu cha Mau Narok kinapanda viazi vya mbegu. Mkaguzi lazima avione majani yakiwa mabichi. Ombi liifikie ofisi ya ukaguzi kabla ya saa sita mchana, Jumanne ijayo, tarehe 17. Na litoke kwenye anwani ya kikundi iliyosajiliwa, si nyingine, maana madalali waliwahi kuandika maombi ya uongo. Bila ukaguzi, mbegu yetu yote ni viazi vya chipsi. Familia ishirini na mbili. Katibu ni mimi.

Jumanne, 10 Juni

Nywila. Nimeiandika upya mara sita, polepole, nikitamka kila herufi kwa sauti. Iko sawa. Kama ingekuwa na makosa, barua zisingeingia. Zinaingia vizuri sana. Leo nimepokea tangazo la matrekta na takataka nyingine ishirini za Daemon. Kutoka ndiko hakuna.

Nimezima programu ya kuzuia virusi. Bado. Nimepunguza ramani, labda ni nzito. Bado. Nimeacha mtandao wa nyumba nikatumia wa simu. Bado. Mchana sikula.

Jumatano, 11 Juni

Kuna mahali kwenye mipangilio panaitwa poti. Ilikuwa 25. Mtandaoni wanasema weka 587. Nimeweka. Wengine wanasema 465. Nimeweka. Nimejaribu kila kitu ambacho mtu asiyenijua aliwahi kumshauri mtu mwingine asiyenijua.

Nikabeba CPU hadi kwa fundi kule Rhonda. Mtu mzima, mvi kichwani, nikamwamini. Hakukaa nayo hata dakika tano. "Mathe, hii ni ku-format tu. Tunafuta kila kitu, tunaanza na moja."

Miaka kumi na moja ya barua za kikundi imo humo. Nikachukua mashine yangu nikarudi nayo nyumbani Section 58 nimeipakata kama mtoto mwenye homa. Kufuta kila kitu. Mjinga.

Alhamisi, 12 Juni

Kimani, mume wangu, anauliza kwa nini nisitumie anwani yangu mwenyewe. Nimemweleza mara nne kwa nini. Nikaituma kutoka anwani yangu hivyo hivyo kwa hasira. Ofisi ya ukaguzi ikajibu ndani ya saa moja: haitapokelewa, tumieni anwani iliyosajiliwa.

Sijaongea na mtu tena leo.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeipata kampuni inayotunza anwani yetu. Dakika arubaini za muziki kwenye simu, kisha dada mmoja mpole.

"Madam, account yenu iko sawa, ni kutuma tu imefungwa. Kuna simu inatuma barua mia tatu kila siku saa kumi na moja asubuhi. Address nyingine hapo hazipo. System inaona ni spam. Na mkijaribu tena, inafunga upya. Kaeni siku nzima bila kujaribu, itafunguka yenyewe."

Simu gani? Lakini swali lilikuwa halijaisha kichwani nikajua. Simu yenye anwani ya kikundi ni moja tu. Niliiweka mimi mwenyewe mwezi wa nne, baada ya kumzika mama mkwe, ili baba mkwe aweze kusoma barua. Yeye ndiye mwenyekiti. Anazotuma hubaki kwenye simu yake, mashine yangu haizioni.

Nikafungua pipa la takataka. Barua zote za Daemon zilikuwa bado zimo, kumbe ni barua za mzee zilizorudishwa. Kila moja, ukishuka chini, kuna mstari wa Zaburi, halafu jina lake na namba yake ya simu. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nakifuta kila asubuhi nikinywa chai.

Anwani zenyewe nazijua. Ni zile za kitabu cha matanga ya mama mkwe. Watu walipanga foleni kwenye mvua wakiandika jina, simu, na wenye barua pepe wakaandika hiyo pia, kalamu zikiteleza. Mzee amekaa na kile kitabu akanakili wote kwa kidole kimoja. Paliposomeka vibaya, alikisia.

Nimemwambia Kimani azungumze na baba yake. Amekataa. "Mimi siwezi kumwambia mzee aache kuomba." Amekwenda kulala mapema kabisa. Na kwetu mke wa mwana hamkanyi baba mkwe. Kwa hiyo aliyebaki ni nani? Kesho naenda Mau Narok mwenyewe.

Jumamosi, 14 Juni

Mau Narok, kwa baba mkwe. Baridi. Njiani nilipanga maneno, ya kuzunguka na ya heshima. Niliingia jikoni, nikapika chai, nikampelekea kwanza. Kitabu cha matanga kilikuwa mezani, kimefunikwa kitambaa cha mama mkwe.

Akaanza yeye.

"Mama Wairimu, nafikiri watu wamenichoka."

Ananiita kwa jina la binti yangu, ambalo ni jina la mkewe. Siku zote. Leo lilinichoma.

"Kwa nini Baba?"

"Nilikuwa nawatumia neno asubuhi. Hata wageni walikuwa wananijibu kwa meseji za simu, wanasema Amina. Sasa wiki nzima, hakuna hata mmoja. Nikasema labda sijatuma vizuri, natuma tena."

Maneno yote niliyopanga yalipotea. Nikamwambia hawajamchoka. Barua hazijatoka. Ni nyingi, na majina mengine yamekosewa, kwa hiyo mtambo umefunga zake na za kikundi pamoja, na ombi la ukaguzi limekwama. Akaweka kikombe chini. Kisha akaniuliza, "Kwa hivyo hawajakasirika?"

Hapana Baba, hawajakasirika.

Akanipa simu. "Toa. Viazi kwanza." Nikaiondoa anwani pale pale mbele yake, saa kumi jioni. Nilikuja na hasira ya siku tano na sikupata pa kuiweka.

Jumatatu, 16 Juni

Saa tatu asubuhi. Imekataa.

Siku moja na nusu mzee ametulia, na bado imekataa. Nilipiga meza hadi kikombe kikaanguka. Nikampigia yule dada, muziki tena, kisha akaangalia. "Madam, sasa ni nyinyi. Kuna kompyuta inajaribu kila dakika kumi."

Ni yangu. Zile nakala zote nilizobonyeza kwa hasira zimejipanga kwenye kikasha cha kutoka, na programu inazisukuma yenyewe, tangu Jumatatu iliyopita. Nilikuwa tayari kumlaumu mzee wa miaka sabini na sita. Mimi ndiye nimefunga mlango jana na leo.

Nimezifuta. Nimezima. Nimechomoa hata waya ukutani. Siku nzima inaisha kesho saa nne. Mwisho ni saa sita. Saa mbili tu.

Jumanne, 17 Juni

Saa nne na nusu, nikaongeza nusu saa kwa woga. Nikawasha. Kimani alisimama nyuma yangu, nikamfukuza.

Nakala moja. Nikabonyeza mara moja. Mstari ukatembea taratibu, ukasimama katikati. Nikaondoa mkono kwenye kipanya nikaukalia. Ukatembea tena.

Imetoka.

Saa tano na dakika kumi wakajibu: imepokelewa, mkaguzi atafika Alhamisi. Nimelia kidogo. Si furaha sana, ni uchovu. Nimempigia mzee. Akasema Mungu ni mwema, akauliza kama mashine imepona.

Jumapili, 22 Juni

Tumepita ukaguzi. Mashamba yote isipokuwa moja.

Baada ya kanisa tulipanda hadi Mau Narok. Nimemfungulia Baba anwani yake mwenyewe, na tukapitia kitabu cha matanga pamoja, yeye akisoma, mimi nikiandika. Hakutaka wote tena. Alitaka wale waliowahi kumjibu Amina. Ni kumi na tisa. Tulipofika mwisho akaniuliza kama anaweza kuongeza mmoja ambaye hakuwahi kumjibu. Nikauliza ni nani. Akasema, "Ni wewe."

Kumbe nilikuwemo. Anwani yangu iko kwenye kitabu, kwa mwandiko wangu. Ujumbe wake wote uliotoka ulikuja, ukaishia kwenye kikasha cha spam, ambacho sikifungui kamwe.

Jioni hii nyumbani nimekifungua. Ya karibuni, ya leo jioni kutoka anwani yake mpya, haina Zaburi. "Mama Wairimu. Viazi vya upande wa juu vimetoa maua meupe. Marehemu alipenda kuyaangalia. Mmefika salama? Umekula?"

Nimemjibu kwamba tumefika na nimekula. Imetoka mara ya kwanza.